Mama Kushoto na vichupa thelathini na kimoja

Saa mbili na nusu asubuhi. Mfereji umejaa maji ya rangi ya chai ya maziwa, na mwanamke wa miaka hamsini na tisa amesimama ndani yake hadi magotini, buti ndefu za mpira miguuni, kitambaa cha kichwa kimekazwa kama mtu anayekwenda kugombana. Mkononi ana chujio la jikoni lililofungwa kwa waya kwenye mpini wa ufagio. Analisukuma chini ya majani, analitikisa mara tatu, analiinua.

Ndani mna tope, jani lililooza na konokono watatu wasiozidi ukubwa wa punje ya hindi.

Anamchukua wa kwanza kwa kibanio, anamsimamisha ncha ya gamba ikiwa juu, mlango wa gamba ukimtazama yeye. “Kulia,” anasema, na kumrudisha majini. Wa pili, kulia. Wa tatu anamshikilia kidogo zaidi mbele ya macho.

“Kushoto.”

Dereva, ambaye amekaa ukingoni na ameapa hatayagusa maji hayo hata akiongezewa mshahara, anaandika kwenye daftari. Zamani kazi ingeishia hapo. Siku hizi yule wa tatu anatiwa kwenye kikombe cha plastiki chenye maji safi, na mama anainama kumwangalia anavyotembea, kwa subira ya mtu anayesubiri mtoto mchanga apige chafya.

“Huyu ni wetu,” anasema mwishowe. “Mvivu. Mwandike.”

Katika maabara ya afya ya maji anakofanya kazi, tangu mlinzi wa getini hadi mkuu, wote wanamwita Mama Kushoto. Ni mhudumu wa maabara mwenye miaka ishirini na tisa kazini, na zimebaki wiki sita astaafu. Alianza akiwa mfagiaji. Siku moja mtaalamu wa wakati ule alikosa mtu wa kumshikia ndoo, akamwita yeye.

“Alinipa ndoo nimshikie mara moja,” anasema. “Mpaka leo hajaja kuichukua.”

Chuo hakusoma. Aliyoyajua aliyapata kwa kuinama juu ya hadubini wakati wenzake wamekwenda kula, na kwa kuuliza maswali mpaka watu wakamkimbia. Mumewe, fundi baiskeli mwenye kibanda karibu na soko, anasema alipomuoa alidhani ameoa mfagiaji. “Kumbe nimeoa mkuu wa ukoo wa makonokono. Hata vijiko hapa nyumbani anavipanga kwa familia. Ukichanganya cha chai na cha mchuzi, unaitwa ueleze.”

Kazi yenyewe si ya mzaha. Konokono wa maji baridi wako wa kila namna, na wengi wao hawana ubaya na mtu. Lakini liko kundi moja la ndugu, jenasi ya Bulinus, ambao ndani ya miili yao hukua vijidudu vya kichocho cha mkojo, ule ugonjwa unaomfanya mtoto akojoe damu. (Yule mwenye gamba bapa kama kifungo cha shati, anayebeba kichocho cha tumbo, ana kabati lake, na leo hatumgusi.) Ukimjua Bulinus, unajua maji gani ya kuogopa. Usipomjua, unaogopa maji yote au huogopi hata kidogo.

Konokono wengi, ukiwashika ncha juu na mlango ukikutazama, mlango huo huwa upande wa kulia. Wa Bulinus huwa upande wa kushoto. Mama akalifanya hilo kuwa somo. Amewafundisha wahudumu wa afya zaidi ya mia nne, wengi wao wakiwa hawajawahi kumshika konokono kwa hiari, na aliwaimbisha maneno matatu tu: “Kushoto, hapo shida.” Ndipo jina likamganda.

“Lilikuwa somo zuri,” anasema. “Fupi. Linaingia kichwani hata kwa mtu aliyelala. Na ndiyo maana likanipeleka pabaya.”

Kuelewa alipelekwa wapi, kwanza ni lazima kuingia chumba cha nyuma cha maabara, chenye makabati sita ya chuma yaliyopakwa rangi ya kijivu na harufu ya spiriti inayokutoa machozi. Kila konokono aliyeokotwa kwa miaka yote hiyo yumo humo, ndani ya kichupa, ametulia. Pamoja naye mna karatasi ndogo iliyoandikwa kwa penseli: jina, mahali, tarehe, na nani kasema. Penseli, kwa sababu wino huyeyuka kwenye spiriti na kubaki wingu la bluu.

Kuna sheria moja ya chumba hicho ambayo mama huilinda kwa ukali. Lebo haitolewi. Mtu akigundua miaka kumi baadaye kwamba jina lilikuwa si lenyewe, haruhusiwi kuichana ile ya zamani. Anaandika nyingine, anatia jina lake na tarehe, anaiingiza nyuma ya ile ya kwanza. Kuna vichupa vyenye lebo tatu, watu watatu wamebishana humo ndani na wawili kati yao wameshakufa.

“Hapa hakuna kifutio,” anasema. “Ukikosea, unakosea ukisomeka.”

Mwezi wa pili mwaka huu, vijana wawili wa maabara walirudi na mfuko wa konokono mia moja na kumi kutoka bwawa la kikundi cha akina mama wa bustani. Wakawashika mmoja mmoja, ncha juu, kama walivyofundishwa. Wote kushoto. Taarifa ikaandikwa: Bulinus, tena kwa wingi. Siku ya kumwaga dawa ikapangwa, Jumatatu.

Dawa ya kuua konokono haichagui. Inaua na samaki. Akina mama wale walikuwa na samaki elfu nne, wamebakiza wiki tatu wavue.

“Hatukubisha,” anasema mwenyekiti wa kikundi, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuitia watu ng’ambo ya pili. “Watoto wetu wanachezea pale pale tunapofulia. Tulisema basi, samaki wafe. Nikaenda nyumbani nikalia jikoni, nikarudi bustanini.”

Alhamisi, Mama Kushoto alikuwa akiosha bakuli za kioo ambamo vijana walikuwa wameacha konokono kadhaa wakiwa hai. Mmoja akapanda ukuta wa bakuli. Mama akatua kitambaa.

“Alikuwa na haraka,” anakumbuka. “Bulinus ninaowajua mimi hawana haraka na dunia. Huyu alikuwa kama anawahi basi.”

Akasogeza jicho. Pembe za konokono yule zilikuwa nyembamba kama uzi. Kando ya gamba, ambalo lilikuwa likimeta kama limepakwa mafuta, vilitokeza vidole vidogo vya nyama vikilikumbatia kwa nje. Bulinus hana vidole hivyo. Akamchukua mmoja, akamponda juu ya kigae cheupe. Bulinus ana wekundu katika damu, kama sisi. Kigae kilibaki cheupe.

Mama akavuta kiti akakaa.

Alikuwa amemwona mgeni huyo vitabuni. Anaitwa Physa, wa familia nyingine kabisa, mzaliwa wa mbali, ambaye wataalamu wanasema ameenea duniani akijificha kwenye majani ya mapambo ya matangi ya samaki. Mlango wake nao uko kushoto. Kichocho cha binadamu habebi. Anachobeba ni njaa yake tu.

Akaenda moja kwa moja ofisini kwa mkuu wa maabara, mwanamke mdogo kuliko kifungua mimba wake. Mama humwita Daktari, naye humwita Mama.

“Mama, mimi nakuamini,” alisema Daktari baada ya kumsikiliza. “Lakini barua imeshatoka. Nikisitisha, halafu watoto wakaugua, nitamwambia nani nini? Tena niambie kitu kimoja. Kama huyu mgeni yupo huku kwetu, mbona makabati yote sita hayana hata mmoja wake? Miaka yote hiyo?”

Swali lilikuwa la haki. Na jibu, anavyosimulia Mama Kushoto, lilimjia pale pale.

Miaka tisa iliyopita kulikuwa na bwawa la mzee mmoja mfuga samaki. Watoto wa jirani walikuwa wakikojoa damu, watu wakalinyooshea kidole bwawa. Mama akaenda na chujio lake. Konokono wa pale aliwakumbuka vizuri: wembamba, wanameta. Wote kushoto. Aliwaandika Bulinus kwa mkono wake, vichupa thelathini na kimoja. Dawa ikamwagwa. Samaki elfu mbili na mia tatu wakaelea tumbo juu, mzee akiangalia.

Mwaka uliofuata watoto waliendelea kukojoa damu. Ikagundulika kwamba walikuwa wakiogelea kwenye mfereji nyuma ya tanuri la matofali, na huko ndiko konokono wabaya walikokuwa. Mfereji ukashughulikiwa, watoto wakatibiwa, kila mtu akafurahi. Hakuna aliyerudi kwa mzee.

“Tulisema labda vyanzo vilikuwa viwili, bwawa na mfereji,” anasema. “Mimi ndiye niliyesema hivyo. Ilikuwa rahisi kusema.”

Droo ya bwawa lile iko kabati la nne, na ufunguo wake anao yeye peke yake. Cheti chake cha shukrani cha kustaafu kilikuwa kimeshachapwa, kimewekwa kwenye bahasha juu ya rafu ya Daktari. Kama asingeifungua droo, hakuna mtu duniani ambaye angeifungua. Kama asingeifungua, pia, asingekuwa na kitu cha kumjibu Daktari, na Jumatatu ilikuwa inakuja.

“Nilisimama mbele ya lile kabati, ufunguo mkononi. Nikaondoka nikaenda kunywa chai. Usiku mume wangu akaniuliza nina nini, nikamwambia kichwa. Akasema, kichwa gani kinachokufanya upige pasi shati moja mara tatu? Nikamwambia yote.”

Fundi baiskeli anakumbuka alichomjibu. “Nilimwambia, mke wangu, mimi tairi nikiliziba vibaya mtu anarudi siku ya pili kunitukana. Wewe una bahati, wa kwako hajui njia. Sasa amua kama hiyo ni bahati.”

Ijumaa saa moja asubuhi, kabla mfagiaji hajafika, Mama Kushoto alifungua droo.

Ndani ya spiriti damu haisemi kitu tena, na nyama husinyaa. Lakini meno hubaki. Konokono ana utepe wa meno madogo yasiyohesabika, na chini ya hadubini meno ya Bulinus hujipanga safu zilizonyooka kama mistari ya daftari. Ya Physa hupinda katikati, kila safu kama mabega ya mtu aliyeshuka moyo. Akachomoa utepe kutoka kichupa cha kwanza. Umepinda. Cha pili umepinda.

“Mpaka cha kumi nilikuwa bado naomba Mungu,” anasema. “Kuanzia cha kumi na moja nikaacha kuomba, nikachonga penseli.”

Aliandika lebo thelathini na moja. Kila moja ilisema: Si Bulinus. Ni Physa. Nilikosea. Halafu jina lake kamili na tarehe. Akaziingiza nyuma ya zile za zamani, akavipanga vichupa kwenye sinia, akalibeba kwa mikono miwili hadi ofisini.

Daktari alisoma cha kwanza. Akasoma cha pili. Kisha akamwambia taratibu kwamba desturi ni kuandika jina jipya tu, na neno lile la tatu halihitajiki.

“Mimi nalihitaji,” Mama akajibu.

“Nilitaka kumkumbatia, nikaona sinia litaanguka,” Daktari anasema leo, akicheka. Alinyanyua simu mbele yake. Dawa ikasitishwa. Bwawa la akina mama likachujwa upya kwa siku tatu na watu wanne, pembe kwa pembe, na hakupatikana Bulinus hata mmoja. Wiki tatu baadaye wakavua. Maabara ililetewa ndoo ya samaki, na dereva asiyegusa maji alionekana hana tatizo lolote na vilivyotoka ndani yake.

Kwa Daktari mambo yalikuwa yamekwisha. Kwa Mama Kushoto yalikuwa nusu. Jumamosi moja alifunga kanga, akapanda nyuma ya baiskeli ya mumewe, wakaenda kwa yule mzee.

Mzee ana miaka sabini na mitatu. Bwawa halipo. Alilifukia mwenyewe kwa toroli na jembe, miezi mitatu, pakabaki uwanja wa nyasi ambao hata mbuzi wa jirani walikuwa hawaletwi kula. Samaki elfu mbili na mia tatu walikuwa hasara, na hasara aliizoea. Kilichomshinda ni majirani. Mahali pale paliitwa “kwenye ugonjwa.” Mama wa mtoto mmoja aliacha kumwamkia. Kwa miaka tisa mzee aliamini kwamba amewaumiza watoto wa watu.

“Nilimwambia tukiwa tumesimama,” Mama anasimulia. “Alinikaribisha kiti, nikakataa, nikaona nikikaa sitasema.”

Mzee alisikiliza hadi mwisho bila kupepesa macho. Kisha akauliza, “Kwa hiyo wale watoto hawakuugulia kwangu?”

“Hawakuugulia kwako, baba.”

“Rudia.”

Akarudia. Mzee akamwita mkewe kutoka uani: “Njoo usikie maneno haya.” Akarudia mara ya tatu. Bibi akatoka mbio, na kwa magoti yale hakuna aliyedhani anaweza, akarudi na jirani yule aliyeacha kuamkia. Mara ya nne. Mume wa Mama Kushoto, aliyekuwa ameshika baiskeli mlangoni, ndiye aliyekuwa akihesabu.

Hapo mzee akalia, wala hakujificha. Halafu akakasirika. Akapiga kigoda kwa kiganja. “Miaka tisa! Miaka tisa, mwanangu, na mimi sina hatia, na ushahidi wangu uko kabatini kwenu kwenye chupa!”

Mama hakujitetea. Anasema alikuwa amejiandaa na maneno mengi njiani, na yote aliyaona hayana kazi. Alisema tu, “Nisamehe, baba.” Jirani akamgeukia mzee akamwamkia, shikamoo ya miaka tisa.

“Marahaba,” mzee akajibu. “Marahaba, mwanangu.” Kisha, kama mtu aliyekumbuka jambo, akamgeukia Mama Kushoto. “Na wewe unastaafu lini?”

“Mwezi wa saba.”

“Vizuri. Utakuwa na nafasi.”

Jumatatu iliyofuata mzee alianza kuchimba bwawa upya.

Mwandishi wa makala haya alipomtembelea, alimkuta shimoni, udongo umemfika kifuani, wajukuu zake wawili wakubwa wakisukuma toroli na jirani akiwaletea maji ya kunywa. Mzee hakutoka kusalimia. Alitoa mkono juu. “Bado nina hasira naye,” alisema. “Lakini ni hasira ya kufanyia kazi. Huyo mama atanipimia maji yangu kila mwezi mpaka mmoja wetu azikwe. Tumeshakubaliana.”

Maabarani nako mambo yamebadilika. Wahudumu wa afya mia nne wameitwa upya kwa makundi, na baadhi wamenung’unika kwamba maneno matatu sasa yamekuwa saa nzima: mlango, pembe, vidole, mwendo, damu. Mama anawasikiliza wanavyolalamika, kisha anawapa vikombe vya plastiki. Anayewahi kujibu anarudishwa nyuma ya foleni. Kati ya vichupa alivyokwisha kuvipitia tena, amekuta vingine kumi na viwili vyenye mgeni ndani, na vyote vimepata lebo ya pili. Lebo ya kwanza ya saba kati ya hivyo ni ya mkono wake. Ya vitano ni ya yule mtaalamu wa ndoo.

“Hapo nilifarijika kidogo,” anakiri. “Nisiseme uongo.”

Anaonekana mtu mwenye raha. Analala vizuri, mumewe anathibitisha, tena anakoroma. Cheti chake kimo bado kwenye bahasha. Ameomba akabidhiwe siku ya mwisho kabisa, asije akapata kiburi kabla ya muda. Akishastaafu atapanda kunde nyuma ya nyumba, atamsaidia bintiye kulea mapacha, na tarehe mosi ya kila mwezi atakwenda na chujio lake kwa mzee. Maji yataingia shimoni mvua zikianza. Samaki wadogo mia tano wameshaahidiwa na akina mama wa bustani, zawadi kutoka bwawa hadi bwawa.

Anavua buti ukingoni mwa mfereji, anazigonganisha tope limwagike. Dereva ameshawasha gari. Mama anakaa kidogo kwenye nyasi na soksi zake, na tunamwuliza anatamani nini zaidi ya hayo.

“Tangu nianze kazi hii,” anasema, “kila mtoto niliyemkuta majini nimemwambia toka. Kila mtoto. Wananijua, wakiniona wanakimbia na nguo mkononi. Sasa mimi nataka nilipime lile bwawa la mzee, mwezi wa kwanza, wa pili, wa tatu, mpaka niridhike kwa macho yangu haya. Halafu siku moja nipite pale mchana, jua kali, niwakute wamo, wanarushiana maji. Wanione. Wasimame wakiniangalia, wanangoja nifungue mdomo.”

Anavaa viatu, anafunga kamba zake.

“Na mimi nipite zangu.”